Barua ya wazi kwa wahariri wa michezo wa Chicago: White Sox nayo ni timu ya jiji hili

Ndugu wahariri wa michezo, wakuu wa vipindi vya redio na televisheni, na nyote mnaoamua kila asubuhi ni timu ipi ya besiboli itakaa juu ya ukurasa na ipi itapewa kona,

Tarehe 8 Mei 2025, moshi mweupe ulipotoka Vatikani na Robert Prevost, mzaliwa wa Chicago aliyekulia Dolton, mji mdogo ulio kusini tu ya jiji letu, akatokea roshanini akiwa Papa Leo wa 14, watu wa hapa waliuliza swali lao la siku zote: ni wa Cubs, timu ya besiboli ya upande wa kaskazini, au wa White Sox (Sox), ya upande wa kusini? Jibu lilitoka haraka. Ni wa Cubs. Vyombo kadhaa vya habari vikalitangaza, na ubao mwekundu ulio mbele ya Wrigley Field, uwanja wa Cubs, ukawaambia wapita njia kwamba Papa ni shabiki wa Cubs. Ilibidi kaka yake wa kuzaliwa naye ahojiwe ndipo aseme wazi kwamba hilo si kweli, kwamba Robert hajapata kuwa shabiki wa Cubs hata siku moja, yeye ni Sox tangu zamani. Baadaye ikapatikana picha ya televisheni ya Oktoba 22, 2005, siku ya mchezo wa kwanza wa World Series, yaani fainali kuu ya besiboli: Padri Prevost yuko jukwaani kwenye uwanja wa White Sox, ngwe ya tisa, yaani ya mwisho kati ya awamu tisa za mchezo, amekaa kwa wasiwasi kama shabiki mwingine yeyote.

Kosa la saa chache husameheka, na lilisahihishwa. Ninalouliza mimi ni kwa nini kosa lenyewe liliegemea upande ule. Kijana wa Dolton, aliyezaliwa mwaka 1955! Mtu yeyote aliyekaa Chicago kwa msimu mmoja anajua kwamba ukiambiwa fulani ametoka kusini, unaanza kwa kudhani ni Sox, ndipo unauliza. Dhana ya kwanza iliyotoka kwenye vyumba vya habari ilikuwa kinyume. Hapo ndipo ninapotaka tupatazame pamoja, kwa sababu kilichotokea siku ile hutokea pia Jumanne yoyote ya kawaida ya mwezi Juni, ila siku hizo hayupo kaka wa Papa wa kusahihisha.

Mimi ni Mtanzania ninayeishi upande wa kusini wa jiji. Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Hapa Chicago wapo watu wa lugha hii kutoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania, na wengi wetu tulifika bila kujua besiboli ni nini. Tumeijua kupitia kwenu: kwenye skrini ya kinyozi, kwenye redio ya teksi, kwenye gazeti lililoachwa juu ya kiti cha treni. Mgeni hachagui anachoonyeshwa. Ndiyo maana unamkuta ndugu anayekaa dakika chache tu kutoka uwanja wa Sox, amevaa kofia ya bluu yenye herufi C, akiamini kwa moyo mweupe kwamba hiyo ndiyo timu ya Chicago na kwamba ile nyingine ni ya kitongoji fulani.

Kumbe treni ni ileile. Ukipanda Red Line ukashuka kituo cha Addison, uko Wrigley. Ukibaki kwenye behewa hilohilo kuelekea kusini, ukashuka Sox-35th, uko nyumbani kwa White Sox. Hubadilishi treni, huongezi nauli. Umbali mnaouona kati ya timu hizi mbili mmeuweka wenyewe kwenye kurasa zenu.

Najua mtanijibu nini: tunawapa wasomaji wanachokitaka, na wanaoitaka Cubs ni wengi zaidi. Ni kweli ni wengi zaidi. Lakini tukumbushane walitoka wapi. Mwaka 1981 kampuni ya Tribune, yenye gazeti kubwa kuliko yote jijini pamoja na redio na televisheni ya WGN, iliinunua Cubs kutoka kwa familia ya Wrigley kwa dola milioni 20.5. Ikakaa nayo mpaka mwaka 2009, ilipoiuza kwa familia ya Ricketts. Kwa muda wote huo mwenye gazeti alikuwa ndiye mwenye timu. Sidai kwamba kuna mwandishi aliyepewa orodha ya maneno ya kuandika. Wamo waliofanya kazi yao kwa heshima kubwa na kuikosoa Cubs bila kuionea haya. Lakini televisheni ile ilirushwa kwa setilaiti nchi nzima, na Wrigley haikuwa na taa mpaka Agosti 1988, maana yake michezo yote ya nyumbani ilichezwa mchana. Mtoto wa Iowa, wa Arizona, wa Florida, akirudi kutoka shule akawasha televisheni, anaikuta Cubs. Akakua nayo. Leo mtoto huyo ni mtu mzima, na mnamhesabu kama ushahidi kwamba Cubs inapendwa zaidi, kwa hiyo inastahili nafasi zaidi. Penzi hilo lilitengenezwa, na waliolitengeneza walikuwa na kalamu na kamera mikononi.

Niwe mkweli pia kuhusu upande wetu. Mwaka huohuo wa 1981 Jerry Reinsdorf na Eddie Einhorn waliinunua Sox, na msimu uliofuata wakaipeleka michezo mingi kwenye kituo cha kulipia kilichoitwa SportsVision. Cubs ikawa inaingia bure sebuleni mwa watu, Sox inadai ada. Mtangazaji Harry Caray, aliyekuwa sauti ya Sox tangu 1971, akahamia kaskazini, kwa Cubs. Hayo yalikuwa maamuzi ya wenye timu, hayakuwa yenu, na yametuumiza hadi leo. Tena yamejirudia kwa sura nyingine: kituo kipya kinachoonyesha Sox, Bulls wa mpira wa kikapu na Blackhawks wa magongo ya barafuni kilianza Oktoba 2024, na wateja wa Comcast, kampuni ya televisheni ya waya, wakakaa bila kukiona mpaka Juni 2025. Mkimwandika vikali tajiri anayeificha timu yake nyuma ya malipo, nitawasoma na nitawaunga mkono. Lakini uamuzi mbaya wa tajiri haumwondolei mwandishi wajibu wake kwa fundi wa Bridgeport au muuguzi wa Bronzeville, mitaa ya kusini, ambaye aliamka akitaka kujua timu yake ilifanya nini jana usiku.

Kwa huyo Caray kuna jambo linaloniuma kuliko hesabu za televisheni. Ule wimbo, "Take Me Out to the Ball Game", ambao uwanja mzima huuimba katikati ya ngwe ya saba, ninyi mnauonyesha kila mwaka kama alama ya Wrigley, na watu maarufu hualikwa kuuongoza. Caray alianza kuuimba na umati kule Comiskey Park, uwanja wa zamani wa Sox, mwaka 1976, baada ya mwenye timu Bill Veeck kumwashia kipaza sauti bila yeye kutarajia. Alipohama, akahama nao. Majina ya wachezaji mgongoni mwa jezi, jambo ambalo siku hizi halishangazi mtu, yalianza na White Sox ya Veeck mwaka 1960. Hata ile mimea inayotambaa kwenye ukuta wa Wrigley, ambayo hakuna mpiga picha wenu anayeipita bila kuipiga, ilipandwa mwaka 1937 kwa usimamizi wa Veeck huyohuyo, wakati huo akiwa kijana anayefanya kazi Cubs. Wrigley ni uwanja mzuri, umejengwa 1914, na anayeupenda simlaumu. Ila historia ya jiji hili imechanganyika kusini na kaskazini, na nyinyi mmezoea kuisimulia kama yote ilizaliwa upande mmoja.

Sasa 2005. Nitakaa hapa, maana ndipo penye kidonda.

Msimu ule White Sox ilikaa kileleni mwa kundi lake tangu siku ya kwanza na haikushuka mpaka siku ya mwisho. Ikashinda michezo 99. Katika mchujo ikawatoa mabingwa watetezi, Boston Red Sox, michezo mitatu kwa sifuri. Ikakutana na timu ya Angels, ikapoteza mchezo wa kwanza, kisha warushaji wanne, yaani wanaomtupia mpigaji mpira, Mark Buehrle, Jon Garland, Freddy García na José Contreras, wakashinda michezo minne mfululizo, kila mmoja akiumaliza wake mwenyewe tangu mpira wa kwanza hadi wa mwisho bila kubadilishwa. Anayeifuatilia besiboli ya sasa, ambapo mrushaji hutolewa ngwe ya sita hata akiwa anafanya vizuri, anajua kwamba jambo hilo halijarudiwa na huenda lisirudiwe kabisa.

Ikaja fainali dhidi ya Houston Astros. Scott Podsednik, ambaye katika msimu mzima wa kawaida hakuwa amepiga hata mpira mmoja ukavuka uzio, akauvusha mmoja katika ngwe ya tisa ya mchezo wa pili na mchezo ukaishia hapohapo, watu wamesimama kwenye mvua na baridi ya Oktoba. Mchezo wa tatu ulikwenda ngwe 14 badala ya tisa, saa tano na dakika 41, mpaka Geoff Blum, mchezaji wa akiba, akatoka benchi usiku wa manane na kuupiga mpira ulioleta ushindi. Wa nne, Oktoba 26, ulikwisha 1-0. Mlinzi Juan Uribe alijitupa hadi ndani ya watazamaji kuudaka mpira, na mara moja baadaye akaokota mwingine uliokuwa ukimpita mrushaji na kuutupa besi ya kwanza kwa sekunde iliyobaki. Nne kwa sifuri. Katika mchujo wote timu ilishinda michezo 11 na kupoteza mmoja tu.

Aliyeiongoza alikuwa Ozzie Guillén, Mvenezuela, kocha wa kwanza mzaliwa wa Amerika ya Kilatini kutwaa ubingwa huo. Katika kikosi walikuwemo Wacuba, Wavenezuela, Mjapani Tadahito Iguchi, na Jermaine Dye, Mmarekani mweusi aliyechaguliwa mchezaji bora wa fainali. Mhamiaji kama mimi akiisoma hadithi ile anajiona ndani yake. Niambieni, ni hadithi gani nyingine ya michezo inayofanana zaidi na Chicago yenyewe?

Na ulikuwa ubingwa wa kwanza wa Sox tangu 1917. Miaka 88! Boston, mwaka mmoja tu kabla, ilikuwa imemaliza ukame wa miaka 86, na Marekani nzima ikalia machozi pamoja nayo. Cubs ilipomaliza ukame wake wa miaka 108 mwaka 2016, dunia ilisimama, na ilistahili kusimama. Sisi tulisubiri kuliko Boston, halafu tukafaulu kwa namna ambayo ni timu chache zimewahi kufaulu, na ukame wetu haukupata hata jina linalojulikana. Kule nje wasiojua wana udhuru wao. Lakini mwaka 2016, orodha za mataji ya Chicago zilipoonyeshwa kwenye televisheni ya taifa bila 2005 kuwemo, nilitegemea gazeti la nyumbani lije juu kama mzazi aliyeona mwanawe amerukwa kwenye orodha ya waliofaulu. Malalamiko yaliachiwa mashabiki.

Mwanangu amezaliwa baada ya 2005. Siku moja alirudi kutoka shule akaniuliza kama ni kweli Sox haijawahi kushinda kitu, maana wenzake darasani walimwambia hivyo. Nilimwekea video ya Podsednik. Akaitazama tena na tena. Kisha akauliza kwa nini hakuwahi kuiona popote kabla ya siku hiyo, na hilo sikuwa na jibu lake. Nawaletea ninyi mlijibu.

Mtasema nafasi hufuata ushindi. Basi tuutazame mwaka 2006, msimu uliofuata ubingwa. Sox ilishinda michezo 90. Cubs ilipoteza 96 na kushika mkia katika kundi lake. Mtasema nafasi hufuata watu wanaokuja uwanjani. Mwaka huo watu zaidi ya milioni 2.9 waliingia kuitazama Sox, rekodi ya klabu mpaka leo. Watu walikuja. Timu ilikuwa bingwa, uwanja umejaa, na bado ukifungua redio mchana unakuta mjadala wa saa nzima juu ya nani atakuwa mrushaji wa tano katika timu iliyokuwa ikishika mkia. Ikiwa ushindi hautoshi na watu hawatoshi, tuambieni kinachotosha ni kipi.

Halafu ukaja mwaka 2024, na hapo ndipo nilipokasirika kweli. Sox ilipoteza michezo 121, mingi kuliko timu yoyote katika besiboli ya zama hizi, ikaipita New York Mets ya 1962 iliyopoteza 120. Katikati ya msimu ilipoteza 21 mfululizo. Ulikuwa mwaka mchungu, na viongozi wa klabu walistahili kila swali waliloulizwa na mengine ambayo hawakuulizwa. Lakini angalieni nani alikuja lini. Miezi ile ya mwanzo, wakati bado kuna la kuchunguza, kwa nini timu iliyoshinda kundi lake mwaka 2021 imesambaratika ndani ya misimu mitatu, nani alisajili nini, fedha zilikwenda wapi, viti vya waandishi havikuhitaji kugombewa. Mwezi Septemba, rekodi ilipokaribia, kamera zikajaa. Mashabiki walihojiwa milangoni wakiwa wamevaa mifuko kichwani kwa aibu. Mtu wa kusini aliyevumilia msimu mzima alipewa dakika moja kwenye televisheni, na dakika hiyo ilikuwa ya kuchekwa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Timu mbovu inahitaji waandishi wengi zaidi, kwa sababu ndiyo yenye mambo ya kufichuliwa.

Nataka niguse pia jambo ambalo watu hulizunguka. Upande wa kusini wa jiji hili ni wa watu weusi kwa sehemu kubwa, na wa Walatino, na wa Wazungu wafanyakazi wa kule Bridgeport ambao babu zao walifanya kazi kwenye machinjio. Sitasema kwamba mhariri anayeiweka Cubs juu ana chuki na watu hao. Siamini hivyo. Lakini fungueni kurasa zenu mhesabu wenyewe upande wa kusini unatajwa kwa lipi. Ni risasi, ni shule iliyofungwa, ni duka la vyakula lililohama. Besiboli ilikuwa njia moja ya kutuonyesha tukiwa tumefurahi, tukiwa tumekaa na watoto wetu jioni ya Julai. Mkiipunguza hiyo, hakibaki kingi.

Na zamani haikuwa hivi, angalau si kila siku. Mchezo wa kwanza wa nyota wote wa ligi kuu, ambao leo Marekani yote huutazama kila Julai, ulibuniwa na Arch Ward, mhariri wa michezo wa Chicago Tribune. Mwenzenu kabisa, aliyekaa kwenye kiti kama chenu. Aliuleta Comiskey Park, kusini, Julai 6, 1933, na Babe Ruth akawa wa kwanza kuuvusha mpira juu ya uzio katika mchezo huo. Miezi miwili baadaye, kwenye uwanja huohuo, wachezaji weusi waliokuwa wamefungiwa nje ya ligi kuu walicheza mchezo wao wa nyota, Mashariki dhidi ya Magharibi. Wachezaji walichaguliwa kwa kura za wasomaji wa magazeti ya watu weusi, likiwemo Chicago Defender la hapahapa. Mwaka 1943 mchezo huo uliingiza zaidi ya watu 51,000. Magazeti makubwa ya jiji yaliuona ukipita mlangoni kwao mwaka baada ya mwaka na hayakuupa nafasi inayofanana na umati ule. Uwanja ule ulivunjwa mwaka 1991. Yale ambayo hayakuandikwa siku zile hayawezi kuandikwa tena, kwa sababu walioyaona wamekufa.

Mtazameni Minnie Miñoso. Mcuba mweusi, mchezaji wa kwanza mweusi kuvaa jezi ya timu ya ligi kuu ya Chicago, Mei 1, 1951, na mpira wa kwanza aliopata nafasi ya kuupiga siku hiyo, dhidi ya Yankees, aliuvusha uzio. Ernie Banks wa Cubs alikuja Septemba 1953. Banks alikuwa mchezaji mkubwa, aliingia katika Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli mwaka 1977, na hakuna shabiki wa Sox mwenye akili atakayempunguzia sifa. Miñoso alifariki Machi 1, 2015 akiwa bado anasubiri. Alichaguliwa Desemba 2021, na jina lake likaingizwa 2022, yeye mwenyewe hayupo kulisikia likitajwa. Kura hizo hupigwa na watu wa nchi nzima, si nyinyi peke yenu. Lakini wapiga kura hujifunza ukubwa wa mchezaji kwa waandishi wa mji wake, na kelele za Chicago juu ya Miñoso zilichelewa mno.

Wasomaji wenzangu wa Afrika Mashariki wanaweza kukumbuka jambo moja zaidi. Julai 2009 Barack Obama, mwana wa Mkenya na mkazi wa upande wa kusini, alirusha mpira wa kufungulia mchezo wa nyota wote kule St. Louis akiwa amevaa jaketi la White Sox, tena katika uwanja wa wageni. Siku chache baadaye Buehrle akarusha mchezo kamili dhidi ya Tampa Bay: wapigaji 27 walikuja, 27 wakarudi, hakuna aliyefika besi ya kwanza, na katika ngwe ya tisa DeWayne Wise akaruka ukutani kuudaka mpira ambao ungeharibu yote. Rais akampigia simu mrushaji siku hiyohiyo. Rais wa nchi, na sasa Papa. Watu wawili wanaojulikana kuliko wote waliotoka Chicago katika kizazi hiki, wote wawili ni Sox, na bado mgeni akishuka uwanja wa ndege wa O'Hare anadhani jiji hili lina timu moja.

Nimekulia Dar es Salaam, na huko najua maana ya jiji lenye watani wa jadi. Yanga imeanzishwa 1935, Simba 1936, makao yao yote yako Kariakoo, Jangwani na Msimbazi, mwendo wa mguu. Mhariri wa gazeti la michezo la Dar akiipa Yanga ukurasa wa mbele leo, kesho anajua Simba inamsubiri, na asipoitendea haki, mchana ule simu haitaacha kulia na muuza magazeti wa Kariakoo atarudisha bunda zima. Timu nyingine za jiji zinabanwa na wakubwa hao wawili, na hilo linastahili barua yake. Lakini baina ya watani wenyewe mizani inashikwa, kwa sababu mhariri anajua kwamba utani wa jadi unahitaji watu wawili wanaosikika. Mkimnyamazisha mmoja, hata ushindi wa mwingine unakosa ladha. Mwaka 1906 Cubs ilishinda michezo 116 ikakutana na Sox fainali, mara pekee timu zote mbili za Chicago zilipofika huko, na Sox iliyodharauliwa kwa upigaji wake dhaifu ikashinda 4-2. Fikirini jiji hilo lilivyokuwa wiki ile. Hamtaki kuliona tena?

Ninachowaomba kinawezekana kesho asubuhi. Kila mnapoandika mataji ya Chicago, 2005 iwemo, na 1917, na 1906. Wekeni sheria hiyo kwenye mwongozo wa chumba cha habari ili mwandishi kijana asitegemee kumbukumbu. Mnapotuma mwandishi kusafiri na Cubs kwenda Milwaukee au Los Angeles, tumeni pia wa kusafiri na Sox, hasa msimu ambao inapoteza. Ninyi wa redio, mnajua dakika zenu. Zihesabuni kwa msimu mmoja, Sox ngapi na Cubs ngapi, na mtangaze namba hizo hewani. Kama nimewasingizia, namba zitanisuta na nitakubali hadharani. Na mwapo na shaka juu ya mtu kutoka Dolton, au Harvey, au mtaa wa 79, mpigieni simu ndugu yake kwanza.

Juni 14, 2025 uwanja wa Sox ulijaa watu kwa ajili ya misa ya kumshukuru Mungu kwa Papa mzaliwa wa hapa, naye akawahutubia kwa video. Wengi wenu mlikuwepo siku ile na mlifanya kazi nzuri. Nilisoma kila neno. Kwa hiyo njia ya kufika barabara ya 35 mnaijua. Sox itakapocheza nyumbani tena, mchezo wowote, hata dhidi ya timu isiyo na jina, tumeni mwandishi mmoja asikae kwenye chumba cha waandishi. Apande jukwaa la juu, akae na watu ngwe zote tisa, aulize nani alikuwa wapi Oktoba 2005, na arudi na majina yakiwa yameandikwa sawasawa. Kisha mpeni ukurasa mzima.

Wenu katika michezo,
Shabiki wa White Sox, upande wa kusini wa Chicago